Kutoka viza ya kazi kwenda viza ya mstaafu Afrika Kusini: niliyopitia, na mlango niliouacha ukajifunga

Mpimaji wa L'shi (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote. Naandika nikiwa Lubumbashi, nyumbani kwangu Kampemba, ambako nimekuja kwa miezi miwili kushughulikia nyumba na kuwaona wajukuu kabla ya kurudi Rustenburg. Tangu nifike, watu wanne wamenijia na swali moja. Wote ni watoto wa hapa waliokwenda kutafuta kazi kusini, miaka ikapita, na sasa umri wa kustaafu umewakaribia. Hawako tayari kufunga virago na kurudi moja kwa moja, wala hawataki kukaa ugenini bila karatasi. Nimeona heri niandike kwa utaratibu, ili atakayeniuliza kesho nimwelekeze hapa.

Mimi ni mpima migodi. Nimefanya kazi miaka 12 katika migodi ya platini, na muda wote huo nilikuwa na viza ya kazi ya kawaida, ile inayomfunga mtu kwa mwajiri mmoja na ambayo haitolewi kwa zaidi ya miaka 5 kwa mara moja. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwishoni mwa Septemba kwa sababu ya umri, na viza yenyewe ilikuwa inaisha mwishoni mwa Novemba. Wenzangu wengi huitazama ile tarehe ya pili peke yake na kujiona wana nafasi ya miezi miwili ya kupumua. Hesabu hiyo ni ya hatari. Viza ya kazi ilitolewa kwa ajili ya kazi. Kazi ikiisha, sababu ya wewe kuwa pale imeisha pia, hata kama muhuri bado una siku zake. Tena kanuni zinataka mwombaji apeleke ombi la kuongeza muda au kubadili aina ya viza angalau siku 60 kabla ya viza aliyonayo kuisha. Mimi nilipeleka langu mwezi wa Juni, nikiwa bado nakwenda kazini kila asubuhi, na ninamshukuru Mungu kwamba nilifanya hivyo.

Viza ya mstaafu imewekwa na kifungu cha 20 cha Sheria ya Uhamiaji ya Afrika Kusini, namba 13 ya mwaka 2002. Haikuulizi ulikuwa na cheo gani. Inakuuliza kama una pato la kukutunza bila kufanya kazi, na pato hilo linaweza kuonyeshwa kwa njia mbili: ama pensheni au malipo ya uzeeni ya maisha ambayo hayawezi kufutwa, ama mali ambazo kwa pamoja zinakuletea kiasi kilichowekwa. Kiasi hicho ni randi 37,000 kwa mwezi, na kilitangazwa mwaka 2014. Viza ikitoka, haizidi miaka 4, na inaweza kuongezwa tena na tena mradi pato liendelee kuwepo.

Hapo kwenye pato ndipo ningependa tukae kwa muda, kwa sababu watu wengi wa Lubumbashi hujikatia tamaa kabla ya kupiga hesabu. Mwaka 2014, dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa randi kati ya 10 na 11, kwa hiyo randi 37,000 zilikuwa kama dola 3,500 kwa mwezi. Miaka ya 2023 na 2024 dola ilizunguka kwenye randi 18 hadi 19, na kiasi kilekile kikawa kama dola 2,000. Kiwango hakikupandishwa, lakini randi imeshuka, na sisi ambao nyumba zetu hupangishwa kwa dola tumesogezewa mlango karibu. Mimi nilikuwa na malipo ya uzeeni ya maisha kutoka mfuko wa kampuni, randi 21,000 kwa mwezi, na kodi ya nyumba yangu moja hapa mjini, dola 1,100. Kwa bei ya randi 18, kodi hiyo ilikuwa karibu randi 20,000, na jumla ikapita 40,000.

Lakini sikuishia hapo, na ninawaomba nanyi msiishie hapo. Nilijiuliza: randi ikipata nguvu, nikafika siku ya kuongeza viza huku dola moja ikiwa randi 14, nitakuwa wapi? Nikapata 15,400 za kodi na 21,000 za malipo ya uzeeni, yaani 36,400. Ningepungukiwa na randi 600, na kwa randi 600 mtu angeweza kukataliwa akiwa na miaka 66 na nyumba iliyojaa vyombo. Kwa hiyo nilichukua sehemu ya fedha niliyopewa kwa mkupuo nilipostaafu, nikaiweka benki kwa muda maalumu ili faida yake iongezwe kwenye hesabu.

Jambo jingine la fedha ni aina ya malipo ya uzeeni unayochagua siku ya kustaafu. Kule kuna malipo ya aina mbili. Aina ya kwanza, kampuni ya bima inakuahidi kiasi fulani hadi unapokufa. Aina ya pili, fedha inabaki kuwa yako ndani ya uwekezaji, na kila mwaka unachagua utoe kati ya asilimia 2.5 na asilimia 17.5. Ya pili inavutia kwa sababu kinachobaki huenda kwa watoto, lakini ukitoa kwa kasi ili kufikisha kiwango cha viza, fungu linaliwa na miaka inayofuata hulifikii tena. Mtu anayetegemea viza hii kwa miaka 20 ijayo, kwa maoni yangu, achukue walau sehemu kubwa katika ile ya maisha.

Nilipokuwa nakusanya karatasi, kuna mtu mmoja wa Johannesburg anayejiita mshauri wa viza aliyenitoza fedha na kuniambia kwamba njia rahisi ni kurudi Lubumbashi, kuomba viza ya matembezi, kuingia nayo, kisha kuigeuza kuwa ya mstaafu nikiwa ndani. Nilikuwa nimekwisha kuulizia basi la kupita Kasumbalesa. Kilichoniokoa ni binti yangu, ambaye aliisoma sheria usiku mmoja akaniambia: «Baba, kifungu cha 10 kinasema kinyume.» Na kweli kinasema: mwenye viza ya matembezi au ya matibabu haruhusiwi kuomba kubadili hadhi akiwa ndani ya nchi, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa kwenye kanuni, na kustaafu si mojawapo. Ningekuwa nimeiacha viza ya kazi ambayo inaruhusu kubadilishwa papo hapo, nikachukua ile isiyoruhusu. Fedha ya mtu yule sikuirudishiwa, lakini nafasi yangu sikuipoteza.

Majibu yalinifikia baada ya wiki 11. Miaka 4.

Sasa niseme lile linaloniuma, kwa sababu ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi huu. Viza ya mstaafu niliyoipata ni nzuri, lakini kuna kitu bora ambacho kilikuwa mkononi mwangu kwa miaka mingi bila mimi kujua. Kifungu cha 26(a) cha sheria hiyohiyo kinamruhusu mtu aliyekuwa na viza ya kazi kwa miaka 5, na mwenye ajira ya kudumu, aombe ukaazi wa kudumu. Nilitimiza miaka 5 nikiwa na mkataba wa kudumu. Nikatimiza 6, 7, hadi 12. Kila viza ilipokaribia kuisha, ofisi ya wafanyakazi iliniletea fomu za kuongeza, nami nikatia sahihi na kurudi shimoni, kwa sababu niliamini kwamba wao ndio wanaojua. Siku nilipostaafu, sharti la ajira ya kudumu lilikufa, na mlango ukajifunga. Ningekuwa nimeupitia, leo nisingedaiwa kuonyesha randi 37,000 kila miaka 4. Kwa hiyo ndugu zangu mlio na miaka 52, 55, 58 na mkataba wa kudumu mkononi, kabla hamjauliza lolote kuhusu viza ya mstaafu, ulizeni kwanza habari ya 26(a), mkiwa bado kazini.

Mzaliwa wa Likasi

Mkubwa wangu, nakushukuru kwa moyo wote. Mimi niko Witbank, nina miaka 57, niko kazini mwaka wa nane kwa viza ya kazi, na sijawahi kuambiwa neno juu ya kifungu hicho. Nina maswali mawili. La kwanza: nikiomba ukaazi wa kudumu sasa, na majibu yakachelewa hadi nistaafu, nitakuwa katika hali gani? La pili: mke wangu aliingia kama mwenzi wa mfanyakazi. Je, viza ya mstaafu itambeba naye?

Mpimaji wa L'shi

Ndugu yangu, maombi ya ukaazi wa kudumu husubiriwa kwa muda mrefu, na kusubiri hakukupi ruhusa ya kukaa. Mwombaji lazima awe na viza halali kwa siku zote za kungoja. Ndiyo maana ninasema usikae hata mwezi mmoja: omba ukaazi sasa, na huku nyuma andaa karatasi za mstaafu kana kwamba ukaazi hautakuja. Karatasi nyingi ni zilezile.

Kuhusu mama watoto, viza yako haimbebi. Kila mtu ana ombi lake na muhuri wake. Mwenzi aliyefuatana nawe alipewa viza inayotegemea ya kwako, kwa hiyo ya kwako ikibadilika, yake inabaki haina mti wa kuegemea. Pelekeni maombi yenu pamoja siku moja, na cheti cha ndoa kiwe kimetafsiriwa. Mke wangu tulimsahau kwa wiki tatu tukidhani jina lake ndani ya fomu yangu linatosha, na wiki hizo tatu zilininyima usingizi.

Mtafsiri wa Kamalondo

Ninafanya kazi ya kutafsiri hati kutoka Kifaransa hapa mjini, na naomba niongeze upande wa karatasi, maana ninaona makosa yaleyale kila mwezi.

Hati zetu za Congo ni za Kifaransa, na kule zinatakiwa kwa Kiingereza kilichotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Watu huniletea cheti cha ndoa ambacho jina la mama limeandikwa kwa herufi moja tofauti na pasipoti, wakaniomba nilirekebishe ndani ya tafsiri. Sifanyi hivyo, na mtafsiri anayekubali anakuharibia. Jina linarekebishwa kwanza huku nyumbani, kwa ofisi iliyotoa cheti au mahakamani, kisha ndipo linatafsiriwa.

Hati ya kuonyesha kwamba huna hukumu ya jinai isizidi miezi 6 siku ya kuipeleka. Usiiombe mapema mno kwa kujiona mwenye bidii. Na mtu aliyewahi kuishi Zambia, kama wengi wetu waliofanya kazi Chingola au Kitwe, aisome orodha ya masharti vizuri, kwa kuwa kila nchi aliyokaa miezi 12 au zaidi katika kipindi kinachotajwa inadaiwa hati yake. Raia wa Congo asisahau pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Juu ya kodi ya nyumba, mkataba wa kupangisha peke yake ni karatasi dhaifu. Mtu yeyote anaweza kuandika mkataba wa dola 2,000 na shemeji yake. Kinachoupa nguvu ni fedha kuonekana ikiingia benki mwezi kwa mwezi, pamoja na risiti za kodi ya mapato ya upangishaji unayoilipa kwa mkoa wa Haut-Katanga. Wenye nyumba wengi hapa hupokea dola mkononi na hawatangazi kitu. Siku ya kuthibitisha pato, nyumba ya miaka 15 inakuwa kama haikuwahi kupangishwa.

Mpimaji wa L'shi

Hilo la risiti ni kweli tupu. Mpangaji wangu ni kampuni, nayo hulipa kwa benki, kwa hiyo nilinusurika. Jirani yangu mwenye nyumba tatu hana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha, na sasa ameanza upya: amefungua akaunti, amewaandikia wapangaji wake, na amekubali kungoja hadi taarifa za benki zimkamilikie.

Mama Kasumbalesa

Wazee wangu, shikamooni. Mimi sikufanya kazi kusini. Nilikuwa mwalimu hapa nyumbani, pensheni yangu ni ya faranga, na kwa kweli haifiki hata sehemu ndogo ya hizo randi 37,000. Mwanangu yuko Cape Town, amepata ukaazi wa kudumu, na anataka nikaishi naye kwa sababu miguu inanisumbua na hapa nimebaki peke yangu tangu baba yake afariki. Ameniambia niende kwa viza ya matembezi, halafu tutajua la kufanya. Nilipousoma uzi huu moyo wangu ulishtuka.

Mpimaji wa L'shi

Mama, shikamoo na pole kwa upweke. Tafadhali usiende kwa mpango huo. Wewe si mtu wa viza ya mstaafu, na hilo si hasara kwako, kwa sababu kuna viza inayokufaa zaidi: viza ya jamaa, ya kifungu cha 18. Inatolewa kwa ndugu wa karibu wa raia au wa mtu mwenye ukaazi wa kudumu, na pato linaloulizwa ni la mwanao. Yeye ndiye anayeonyesha kwamba anaweza kukutunza, na kiwango kilichowekwa ni randi 8,500 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Haizidi miaka 2 kwa mara moja, huongezwa, na hairuhusu kufanya kazi, jambo ambalo nadhani halikuhusu.

Iombe ukiwa hapa Lubumbashi, kabla hujasafiri. Kuna uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini wa mwaka 2019 ambao watu huutaja wakisema kwamba siku hizi mwenye viza ya matembezi anaweza kubadili akiwa ndani. Uamuzi huo uliwafungulia njia wenzi na watoto wa raia na wa wenye ukaazi wa kudumu. Mzazi hakutajwa humo. Mwanao asije akausoma nusu akakuingiza matatani.

Na kwa kuwa wewe ni mama yake mzazi, mnaweza pia kuangalia kifungu cha 27(g), kinachohusu ukaazi wa kudumu wa jamaa wa daraja la kwanza, yaani mzazi na mtoto. Anzeni na viza ya jamaa ili uwe karibu naye kihalali, kisha mfuate hilo kwa utulivu.

Mama Kasumbalesa

Mungu akubariki, Baba. Nimempigia mwanangu usiku huu na nimemsomea maneno yako yote. Amekubali tuanze na karatasi. Naomba uniambie jambo moja tu: nikipita siku chache baada ya viza kuisha, kwa mfano nikiugua, wanafanya nini?

Mpimaji wa L'shi

Mama, ukizidisha kwa siku zisizopita 30, unaweza kutangazwa mtu asiyetakiwa kwa miezi 12. Ukirudia kosa hilo ndani ya miezi 24, inakuwa miaka 2. Ukizidisha zaidi ya siku 30, ni miaka 5, na kwa umri wetu miaka 5 ya kutomwona mtoto si kitu cha kujaribu. Ukiugua, daktari aandike barua siku hiyohiyo, na ombi la kuongeza muda lipelekwe kabla ya tarehe, wala si baada yake.

Mzaliwa wa Likasi

Mkubwa, nirudi tena. Rafiki yangu wa Sandton anasema nisihangaike na viza ya mstaafu wala na 26(a), kwa sababu kuna ukaazi wa kudumu kwa mtu mwenye uwezo wa kifedha. Unaijua njia hiyo?

Mpimaji wa L'shi

Ninaijua kwa kuisoma tu. Ni kifungu cha 27(f): mali yenye thamani ya randi milioni 12, na ukikubaliwa unalipa randi 120,000. Si njia yetu. Iliyo karibu nasi ni 27(e), ukaazi wa kudumu wa mstaafu, ambao kipimo chake ni zilezile randi 37,000 za kila mwezi, na ambao haukulazimu kwanza ukae miaka kadhaa kwa viza ya muda. Ndiyo ninayoiandaa mimi sasa, baada ya kuikosa ile ya 26(a). Tofauti yake na viza ya miaka 4 ni kwamba ukishaupata huongezi tena na tena, ila ukikaa nje ya nchi miaka 3 mfululizo unaweza kuupoteza. Kwa mtu kama mimi, ambaye moyo wake uko Kampemba kwa nusu ya mwaka, sharti hilo halinitishi. Viza ya mstaafu yenyewe ina faida yake kwa watu wa namna hii, kwani sheria inakubali mtu akae kwa msimu, aende na kurudi, bila kulazimishwa idadi ya siku.

Kitu kimoja cha kuangalia: ukiwa na ombi linalosubiri majibu, usitoke nje ya nchi ovyo. Sisi raia wa Congo tunahitaji viza ili kuingia Afrika Kusini, na risiti ya ombi haikufungulii mpaka wa Beitbridge. Shemeji yangu alikuja mazishini hapa akiwa na risiti mfukoni, na ilimchukua miezi mitano kurudi kwa mkewe.

Mtafsiri wa Kamalondo

Na kwa wanaostaafu lakini bado wanataka kufundisha saa chache au kushauri kampuni?

Mpimaji wa L'shi

Viza ya mstaafu haikupi haki ya kufanya kazi. Kifungu cha 20(2) kinaruhusu Wizara ya Mambo ya Ndani kukupa idhini ya kazi kwa masharti yake, lakini idhini hiyo inaombwa na kuandikwa. Haitokani na kimya chao. Mgodi wangu wa zamani uliniita nipime kwa wiki mbili, kwa malipo mazuri. Nilikataa, kwa sababu sikuwa na idhini hiyo.

Ndugu wa Likasi, Jumatatu uende ofisi ya wafanyakazi, uombe nakala ya mkataba wako wa kudumu na barua inayoonyesha tarehe ya kila viza ya kazi uliyopata tangu mwaka wa kwanza. Tarehe zikifuatana bila pengo, uniandikie hapa, tuangalie fomu pamoja kabla sijapanda basi tarehe 20.